Historia, maadili na dini za dunia: Masomo ya chuoni yanayodharauliwa bure

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa na wanafunzi kuanza kuchagua kozi za vyuo, swali moja huzuka katika nyumba nyingi humu nchini: mtoto atakayesomea historia, maadili na dini atakula nini? Wazazi wengi huwataka wana wao wasomee udaktari, uhandisi au sheria. Masomo ya sanaa huonekana kuwa kimbilio la aliyekosa pa kwenda.

Hofu hiyo haikosi msingi. Karo ni ghali na nafasi za kazi ni haba. Hata hivyo, wengi wanaoyabeza masomo haya hawajui yanahusu nini hasa, yalianzaje katika vyuo vya Afrika Mashariki, wala yamelifaaje taifa hili. Asiyejua maana haambiwi maana. Ni vyema basi mwanafunzi na mzazi waelewe mambo hayo kabla ya kufanya uamuzi.

Tofauti ya kusomea dini na kusomea uchungaji

Kosa la kwanza linalofanywa na wengi ni kudhani kwamba anayesomea dini chuo kikuu anajiandaa kuwa padri, mchungaji au shehe. La hasha. Kuna tofauti kati ya teolojia na taaluma za dini. Teolojia husomwa kutoka ndani ya imani fulani, na lengo lake ni kuifafanua na kuitumikia imani hiyo. Taaluma za dini huzitazama dini zote kama sehemu ya maisha ya binadamu: zilianzia wapi, zinafundisha nini, waumini wake huabudu vipi, na zimeathiri vipi sheria, siasa, ndoa na uchumi. Mwanafunzi haulizwi anaamini nini. Hutakiwa kueleza kwa haki imani ya mwenzake hata kama haikubali.

Msingi wa mtazamo huo uliwekwa Ulaya katika karne ya 19. Friedrich Max Müller, mtaalamu mzaliwa wa Ujerumani aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Oxford, alitetea wazo kwamba mtu anayeijua dini moja tu kwa hakika haijui hata hiyo moja, kwa kuwa hana cha kuilinganisha nayo. Mnamo 1967, Ninian Smart alianzisha idara ya taaluma za dini katika Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza. Smart alipendekeza kwamba kila dini ichunguzwe kwa kuzingatia pande saba: ibada zake, visa vyake vitakatifu, mafundisho yake, maadili yake, jumuiya yake, hisia za waumini wake, na vitu vyake vinavyoonekana kama vile majengo na sanamu. Hadi leo wahadhiri wengi humwanzishia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hapo.

Masomo haya yalivyoota mizizi nchini

Mafunzo ya dini ya ngazi ya juu yalikuwapo nchini hata kabla ya vyuo vikuu. Katika mji wa Lamu, wanafunzi kutoka sehemu nyingi za mwambao walisomea elimu ya Kiislamu katika Msikiti wa Riyadha. Huko Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alichapisha gazeti la Al-Islah mapema miaka ya 1930 akiwahimiza Waislamu watafute elimu. Kwa upande wa Wakristo, chuo cha teolojia kilichoanzishwa 1903 katika makao ya watumwa walioachiwa huru ya Frere Town, Mombasa, kilihamia Limuru 1930, na sasa ni Chuo Kikuu cha St Paul's.

Mafunzo ya kulinganisha dini yalikuja baadaye. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilitangulia katika kanda hii. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Askofu Stephen Neill, mwanahistoria wa Ukristo kutoka Uingereza, alikuja Nairobi kuanzisha idara ya falsafa na taaluma za dini. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipopata hadhi ya kujitegemea mnamo 1970, idara hiyo ilikuwa tayari imeanza kazi. Baadaye Kenyatta, Moi, Egerton, Maseno na vyuo vingine vilifuata mkondo huo huo.

Mbiti, Okot na mjadala wa Sasa na Zamani

Hakuna mwanafunzi wa dini Afrika Mashariki anayehitimu bila kulisikia jina la John Samuel Mbiti. Alizaliwa 1931 huko Mulango, Kitui, akasomea Makerere, Marekani na hatimaye Cambridge alikopata shahada ya uzamifu mnamo 1963. Alipokuwa akifundisha Makerere aliandika kitabu African Religions and Philosophy, kilichochapishwa 1969. Wakati huo wasomi wengi wa Ulaya waliziita imani za Kiafrika ushirikina na upagani. Mbiti alikusanya habari kutoka kwa mamia ya jamii za bara hili na kuonyesha kwamba Mwafrika alimjua Mungu kabla ya kuja kwa wamishenari, na kwamba dini yake ilikuwa imeenea katika kila jambo la maisha, kuanzia kuzaliwa hadi kufa.

Katika kitabu hicho Mbiti alitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza dhana ya wakati. Kwa maoni yake, Sasa ni wakati ambao watu wanauishi na kuukumbuka. Zamani ni bahari ya wakati ambamo matukio yote huzama hatimaye. Aliyefariki huendelea kuwa hai katika Sasa maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Anaposahaulika ndipo huingia katika Zamani. Mbiti alidai pia kwamba katika fikra za jadi wakati ujao wa mbali haukuwa na uzito.

Si wote waliokubali. Okot p'Bitek, mshairi na mtaalamu wa anthropolojia kutoka Uganda, aliwashutumu wasomi wa Kiafrika akiwemo Mbiti kwa kuivika miungu ya Waafrika mavazi ya Kigiriki na ya Kikristo ili ikubalike machoni pa Wazungu. Wengine walipinga dai lake kuhusu wakati ujao wakisema kuwa mkulima anayepanda mti atakaowafaa wajukuu hawezi kuambiwa kwamba haufikirii wakati wa mbali. Mbiti aliendelea na kazi yake Uswisi hadi alipofariki 2019, na miaka michache kabla ya hapo alikuwa amekamilisha tafsiri ya Agano Jipya kwa Kikamba kutoka Kigiriki. Mjadala huo humfunza mwanafunzi jambo moja muhimu: katika elimu ya chuo, hata kitabu kinachoheshimika hupimwa kwa ushahidi.

Mwanafalsafa mbele ya hakimu

Mwingine aliyeacha alama ni Henry Odera Oruka, mwalimu wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi hadi kifo chake mnamo 1995. Oruka na wenzake walikwenda vijijini kuzungumza na wazee waliosifika kwa hekima. Aliwagawa katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni wazee waliojua mila na methali za jamii na kuzieleza jinsi walivyozipokea. Kundi la pili ni wale waliothubutu kuzihoji mila hizo na kutoa sababu zao. Hao wa pili, alisema, ni wanafalsafa kamili hata kama hawajui kusoma na kuandika. Utafiti huo ulichapishwa 1990 na hufundishwa katika vyuo vya mabara mengi.

Umuhimu wa kazi kama hiyo ulidhihirika katika kesi ya mazishi ya wakili S.M. Otieno. Wakili huyo, Mluo aliyeishi Nairobi, alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, Mkikuyu wa ukoo wa Waiyaki, alitaka kumzika karibu na Ngong. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ulisisitiza kwamba sharti azikwe kwa baba zake Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa katika chumba cha maiti kwa muda wa miezi mitano huku mawakili wakibishana. Oruka alikuwa miongoni mwa walioitwa kutoa ushahidi kuhusu mila na imani za Waluo. Mnamo Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi, na marehemu akazikwa Nyalgunga.

Kesi hiyo ni kama darasa la masomo yote matatu. Swali la kwanza lilikuwa la historia: mila ya mazishi ya Waluo ilikuwa ipi, na je, ilikuwa imebadilika kwa kuja kwa miji na Ukristo? Swali la pili lilikuwa la dini: roho ya aliyezikwa ugenini huwatendea nini walio hai? La tatu lilikuwa la maadili: haki ya mjane ina uzito gani mbele ya haki ya ukoo, na matakwa ya marehemu mwenyewe je? Majaji walilazimika kuamua yote hayo. Wasomi wa sheria na dini wa Nairobi, J.B. Ojwang na J.N.K. Mugambi, walihariri kitabu kuhusu kesi hiyo 1989, nao wanahistoria David William Cohen na E.S. Atieno Odhiambo wakaandika chao 1992. Hadi leo familia humu nchini huburutana mahakamani kwa ajili ya maiti, na kesi ya Otieno hutajwa karibu kila mara.

Historia si tarehe tu

Wanafunzi wengi hutoka shule ya upili wakidhani historia ni kukariri tarehe na majina. Chuoni mambo hubadilika. Mwanafunzi hufunzwa kuuliza: nani aliandika waraka huu, kwa ajili ya nani, na aliacha nini? Bethwell Ogot, aliyezaliwa 1929 na kufariki Januari 2025, alikumbana na swali gumu zaidi: historia ya watu wasioacha maandishi itaandikwaje? Baadhi ya walimu wa wakati huo waliona kwamba haiwezekani. Ogot alikusanya masimulizi ya wazee, akalinganisha nasaba za koo mbalimbali, na 1967 akachapisha historia ya Waluo wa kusini. Baadaye aliongoza kamati ya kisayansi ya UNESCO iliyosimamia Historia Kuu ya Afrika, na kuhariri juzuu ya tano. Juzuu ya nane ilihaririwa na Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, aliyefahamika kwa hoja yake kwamba Afrika ina urithi wa aina tatu: wa jadi, wa Kiislamu na wa nchi za Magharibi.

Faida ya kazi ya wanahistoria ilionekana waziwazi katika kesi ya wapiganaji wa Mau Mau. Mnamo 2009 wazee kadhaa wa Kenya waliishtaki serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London kwa mateso waliyopata kambini wakati wa hali ya hatari ya miaka ya 1950. Miaka minne kabla ya hapo, wanahistoria David Anderson na Caroline Elkins walikuwa wamechapisha vitabu kuhusu enzi hiyo, na walitoa ushahidi katika kesi hiyo. Elkins alikuwa ameshutumiwa na wenzake kwa kuyategemea mno masimulizi ya wazee. Ndipo 2011 serikali ya Uingereza ilipokiri kwamba ilikuwa imehifadhi huko Hanslope Park maelfu ya nyaraka zilizoondolewa katika makoloni, zikiwemo za Kenya. Nyaraka hizo zilithibitisha mengi ya waliyosimulia wazee. Mnamo Juni 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228.

Dini za dunia ziko mlangoni

Mwanafunzi wa Kenya hahitaji kusafiri mbali kuziona dini za dunia. Kulingana na sensa ya 2019, takriban asilimia 85 ya Wakenya ni Wakristo na asilimia 11 ni Waislamu. Waliobaki ni pamoja na Wahindu, wafuasi wa dini za jadi, na watu zaidi ya 700,000 waliosema kwamba hawana dini. Ndani ya Ukristo wenyewe kuna makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika, mathalan African Israel Nineveh iliyoanzishwa na Zakayo Kivuli 1942, na Legio Maria iliyojitenga na Kanisa Katoliki katika miaka ya 1960.

Katika barabara ya kwenda Mombasa, msafiri hupita hekalu la Masingasinga la Makindu, lililojengwa 1926 wakati mafundi wa reli wa imani hiyo walipokuwa wengi mjini humo. Yeyote afikaye hupewa chakula bila malipo na bila kuulizwa kabila wala dini. Katika kaunti za Pwani kuna misitu ya Kaya ya Wamijikenda, iliyotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mnamo 2008. Kwa waumini, Kaya ni mahali pa sala na makaburi ya wazee. Kwa wanasayansi, ni hifadhi ya mimea iliyotoweka kwingineko. Mwanafunzi akitumia pande saba za Smart, atatambua kwamba chakula cha Makindu ni ibada, ni fundisho la usawa na ni kitendo cha maadili kwa wakati mmoja.

Shuleni kuna mitaala mitatu ya elimu ya dini: ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu, huu wa mwisho ukijumuisha pia imani za Wajaini, Wabudha na Masingasinga. Kasoro ya mpangilio huo ni kwamba kila mtoto husoma zaidi imani ya kwao. Kwa wengi, chuo ndicho mahali pa kwanza pa kujifunza anachoamini jirani.

Maadili: si kuhubiriwa

Ripoti ya kamati iliyoongozwa na Peter Gachathi mwaka 1976 ilihimiza maadili yafundishwe shuleni, na chini ya mfumo wa 8-4-4 likawapo somo la Elimu ya Jamii na Maadili katika shule za upili. Somo hilo liliondolewa mtaala ulipopunguzwa mapema miaka ya 2000. Wanaolalamikia ufisadi na uozo wa jamii hulikumbuka kwa majonzi.

Chuoni, hata hivyo, maadili si orodha ya makatazo. Ni ufundi wa kutafuta sababu. Tuseme hospitali ina kitanda kimoja cha wagonjwa mahututi na wagonjwa wawili, kama ilivyotokea sehemu nyingi duniani wakati wa janga la korona mnamo 2020. Mfuasi wa John Stuart Mill atauliza ni uamuzi upi utakaoleta manufaa mengi zaidi. Mfuasi wa Immanuel Kant atasema kwamba hakuna binadamu anayestahili kutumiwa kama chombo cha kumfaidi mwingine. Mfuasi wa Aristotle atauliza daktari mwenye hekima na haki angefanya nini. Naye anayefuata falsafa ya utu atakumbusha kwamba mtu ni mtu kwa sababu ya watu, hivyo uamuzi hauwezi kuwasahau jamaa na jamii.

Masuala hayo yana historia ya machungu. Huko Tuskegee, Marekani, kati ya 1932 na 1972, mamia ya wanaume Weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba ili watafiti waone ugonjwa utafika wapi, hata baada ya dawa kupatikana. Kashfa hiyo ilichangia kuwekwa kwa kanuni zinazomlazimu mtafiti kupata idhini ya anayechunguzwa. Siku hizi hakuna utafiti wa kitabibu unaopaswa kufanywa Kenya bila kupitishwa na kamati ya maadili, na kamati hizo huhitaji watu waliosomea taaluma hii.

Funzo la Shakahola

Mnamo Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilipatikana, wengi wakiwa ni watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa kungewafikisha mbinguni. Miongoni mwao walikuwa watoto wadogo. Serikali iliunda jopo la kuchunguza sheria zinazosimamia mashirika ya kidini.

Janga hilo liliibua swali ambalo polisi pekee hawawezi kulijibu. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa kuabudu, nacho cha 8 kinasema hakuna dini ya taifa. Je, uhuru huo unakomea wapi, na nani wa kuamua kwamba fundisho fulani ni hatari? Serikali ya kikoloni iliwahi kuipiga marufuku Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde kwa madai ya kulinda usalama, na dhuluma nyingi zikatendeka. Anayejua historia hiyo atatahadhari asiipe serikali rungu la kuzipiga imani zisizopendwa. Anayejua maadili atakataa vilevile watoto waangamie kwa kisingizio cha uhuru. Taifa linahitaji watu wanaoweza kuyapima mambo hayo mawili kwa pamoja.

Jinsi ya kujiunga na nafasi za kazi

Anayetaka kusomea shahada huhitaji alama ya wastani ya C+ katika KCSE, na kozi nyingi za sanaa huchukua miaka minne. Anayenuia kuwa mwalimu wa shule ya upili sharti awe na masomo mawili ya kufundisha, na apate angalau C+ katika kila moja. Historia na dini ni miongoni mwa jozi zinazojulikana sana, jambo ambalo pia huwafanya walimu wake kuwa wengi na kusubiri ajira kwa muda mrefu. Ni busara mwanafunzi aujue ukweli huo mapema.

Chini ya mtaala mpya wa umilisi, wanafunzi wa kwanza waliingia gredi ya 10 Januari 2026, na historia pamoja na elimu ya dini ziko katika mkondo wa sayansi ya jamii. Mwanafunzi anayeyapenda masomo haya anapaswa kuuchagua mkondo huo mapema.

Mbali na ualimu, wahitimu hufanya kazi katika makavazi na hifadhi za nyaraka, uanahabari, utumishi wa umma, mashirika ya kupatanisha jamii, uchapishaji na kamati za maadili za hospitali. Wengine huendelea na sheria. Mwenye busara huongeza ujuzi wa pili: lugha ya kigeni, takwimu, au uhifadhi wa nyaraka kwa kompyuta. Kisomo cha Kiarabu humfungulia mwanafunzi maandishi ya kale ya mwambao, na Kiswahili fasaha humwezesha kuwahoji wazee bila mkalimani.

Wazazi wanaouliza mtoto wao atakula nini wana haki ya kuuliza. Jibu la kweli ni kwamba shahada hii haimhakikishii mtu kazi siku ya kuhitimu, kama zisivyofanya shahada nyingi siku hizi. Humwachia hata hivyo uwezo wa kusikiliza pande mbili, kupima ushahidi na kuandika kwa ufasaha. Wazee waliosimama mahakamani London walishinda kwa sababu palikuwa na watu waliojifunza kufanya hivyo. Katika msitu wa Shakahola, watu kama hao walikosekana.